Kipimo cha Fangasi cha Damu: Kabla Hujatoa Mkono

"Kipimo cha fangasi cha damu ni bei gani?"

Swali hilo nimelizoea. Analiuliza dada aliyetoka kazini Mtumba, analiuliza mzee aliyeshuka kwenye gari la Kibaigwa na bahasha ya majibu ya zamani kwapani, na siku hizi linaingia WhatsApp usiku kutoka kwa watu ambao sijui namba yangu wamepewa na nani. Mimi ni mtu wa maabara, hapa hapa Dodoma. Nikiulizwa hivyo nami huuliza: fangasi gani, na nani amekwambia zimo kwenye damu? Wengine hapo hukasirika. Mtu amekuja na hela yake, anataka kipimo, hataki mahojiano.

Dirishani jibu huwa fupi kwa sababu foleni iko nyuma. Huku blogu hakuna foleni, kwa hiyo nitajieleza. Na nina dukuduku: wanaokitafuta kipimo hiki kwa bidii wengi wao hawakihitaji, na wanaokihitaji kweli mara nyingi hawajui hata kama kipo.

Tuanze na wasiokihitaji. Mapunye ya mtoto kichwani, mba za mgongoni, vidole vya miguu kwa mtu anayeshinda na buti, muwasho na utoko mzito mweupe kwa mwanamke. Fangasi hizi zinakaa juu, kwenye ngozi na kwenye utando laini, na damu haina habari nazo. Kinachotakiwa ni mtu mwenye macho. Unakwangua ngozi kidogo au unachukua ute kwa kijiti cha pamba, unaweka kwenye slaidi na tone la potasiamu haidroksaidi ili seli za mtu ziyeyuke, kisha unainamia hadubini. Nyuzi za fangasi na chembe zake zinabaki, unaziona. Kazi imeisha, mgonjwa anaenda kupewa dawa.

Shida ni pale tatizo linaporudi. Dada anatumia kidonge cha flukonazoli leo, baada ya wiki kadhaa muwasho umerudi, anameza kingine, unarudi tena. Mwishowe anasema, au anaambiwa, "imeshaingia kwenye damu". Haijaingia. Ila ikijirudia namna hiyo damu yake naitaka kweli, kwa vipimo viwili tofauti kabisa: sukari na VVU. Kisukari kisichojulikana kinaweza kuzirudisha fangasi za ukeni kila mara, na utandu mweupe mdomoni kwa mtu mzima asiyetumia dawa za kushusha kinga ni sababu tosha ya kupima VVU siku hiyo hiyo. Vipimo hivyo viwili ni rahisi na viko kila mahali, na nashangaa jinsi ambavyo karibu hakuna anayekuja kuviulizia mwenyewe.

Maneno ya "fangasi kwenye damu" yana wenyewe wanaoyasambaza. Pita viwanja vya Nanenane Nzuguni mwezi wa nane, katikati ya mabanda ya mbegu na matrekta utakuta meza yenye kompyuta mpakato na foleni ya akina mama. Unashikishwa chuma chenye waya, unatulia kidogo, kisha skrini inatoa kurasa kadhaa: ini lako, figo zako, kongosho lako, na kwenye ukurasa mmoja fangasi za damu ziko "kiwango cha juu". Pembeni ya meza makopo ya unga yamepangwa kwa ukubwa. Nilisimama pale nikaangalia wamama wakipimwa mmoja baada ya mwingine, na karibu wote waliondoka na fangasi. Hakuna tone la damu lililotoka kwa yeyote. Mtu akikupima damu bila kuiona damu, rudisha chuma chake mkononi mwake uende ukaangalie mbuzi wa maonyesho.

Kundi la pili linanipa kazi zaidi kwa sababu wao wana karatasi ya maabara kweli. Inasema kingamwili za kandida, mojawapo ya fangasi, zimeonekana. Hapa hakuna utapeli wa chuma, kipimo kimefanyika, lakini kinajibu swali ambalo halikuulizwa. Kandida inaishi mdomoni na tumboni mwa watu wengi wenye afya njema. Mwili umekutana nayo zamani na ukaweka kumbukumbu. Kingamwili zinasema mmewahi kukutana. Hazisemi kwamba mnapigana leo. Kumtibu mtu mzima anayefanya kazi zake, anayekula ugali wake vizuri, kwa sababu ya karatasi hiyo ni kumpa dawa za bure, na flukonazoli ikimezwa ovyo kwa muda mrefu inaweza kuumiza ini.

Sasa wanaokihitaji.

Fangasi zinazoingia ndani ya mwili na kusambaa zina watu wake: mwenye VVU ambaye kinga imeporomoka, mgonjwa wa saratani aliye kwenye dawa kali, mtoto njiti, mgonjwa mahututi aliyekaa siku nyingi na mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, aliyepandikizwa figo. Zamani orodha hii ingesomeka kama mambo ya Ulaya. Leo Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa mjini, imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018, na kila anayepandikizwa anaishi kwa dawa zinazoshusha kinga makusudi ili mwili usikikatae kiungo kipya. Wagonjwa wa aina hii wapo Dodoma, na watazidi.

Kati ya fangasi zote za ndani, moja ndiyo iliyotupa kipimo cha damu ninachokiheshimu kuliko vyote: kriptokoka. Inakaa kwenye udongo, kwenye kinyesi cha njiwa, kwenye miti. Tunaivuta kwa pumzi na kinga nzuri inaifungia mapafuni bila wewe kujua. Kinga ikishuka inatoka, na inapenda kwenda kwenye ubongo. Inajizungushia ganda nene la sukari, na vipande vya ganda hilo vinamwagika kwenye damu muda wote inapozaliana. Kipimo hakitafuti fangasi yenyewe, kinatafuta vipande hivyo. Ni sawa na kukaa kando ya barabara ya vumbi ya kwenda Mvumi: lori hujaliona bado, lakini vumbi lake umeshaliona nyuma ya mibuyu. Vipande hivyo ndivyo tunaviita antijeni, na vinaweza kuonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Nitawasimulia kijana mmoja, kwa kubadilisha mambo ya kutosha asijulikane. Fundi ujenzi, mmoja wa wale vijana waliokuja Dodoma kufuata majengo ya Serikali. Kichwa kilimuuma wiki tatu. Zahanati ya kwanza ilimpa mseto wa malaria. Kituo cha pili kilisema taifodi, akachomwa sindano. Homa ikawa inashuka na kupanda, akaanza kutapika, na siku aliyoletwa alikuwa akiona watu wawili mahali penye mmoja. Alikuja na mama yake mdogo, ambaye alisalimia kila mtu aliyevaa koti jeupe kwa heshima zote, hata mwanafunzi wa mazoezi.

Siwalaumu sana wale wa zahanati. Homa kwetu ina majina mawili, na lenye kujulikana ndilo linalotibiwa. Utafiti mmoja uliofuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa Moshi, kaskazini mwa Tanzania, matokeo yakachapishwa 2013, ulikuta asilimia 60.7 waliandikwa wana malaria. Waliokuwa na homa ya malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Someni tena namba hizo. Katika mji huo huo wa Moshi, sampuli za wagonjwa wa homa zilipochunguzwa zaidi, walipatikana hata wenye histoplasma, fangasi inayohusishwa na kinyesi cha popo na ndege, ambayo wengi wetu tuliisoma chuoni kwa ajili ya mtihani tu.

Daktari wa zamu aliyempokea kijana alifanya jambo dogo tu. Kabla ya kuandika dawa yoyote aliuliza kuhusu ARV. Kijana alikuwa ameziacha mwaka uliopita alipohama mkoa, hakutaka kuanza upya kwenye CTC, kliniki ya wenye VVU, ya ugenini ambako angejieleza tena. Basi fomu ikaja maabara na vitu viwili: CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, na antijeni ya kriptokoka.

Watu wanadhani kipimo kikubwa kina mashine kubwa. Hiki kinakaa kwenye kiganja. Tone moja la kimiminika cha kuchanganyia kwenye tyubu ndogo, kisha mikrolita arobaini za plazma, yaani maji ya damu bila chembe zake, kisha unachovya kijiti cha karatasi na kuwasha saa. Dakika kumi. Maji yanapanda taratibu na kuacha rangi ya pinki nyuma yake. Mstari wa juu unaonyesha kipimo kinafanya kazi, wa chini ndio unaosema. Mstari wa chini ukiwa hafifu kiasi cha kukufanya uinue kijiti uelekeze dirishani, hiyo nayo ni chanya. Wanafunzi wengi hapa huandika hasi kwa woga. Wa kijana yule haukuhitaji dirisha. Ulitokea hata kabla wa juu haujakolea.

Tukaendelea kuichanganya plazma yake na kimiminika kile, moja kwa tano, moja kwa kumi, na kuendelea, kuona antijeni inafika wapi. Kuna sababu mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza, kwa mtu ambaye hana dalili bado, kiwango cha 1:160 na kuendelea kinatuambia hatari ya ubongo kuwa umeshaguswa ni kubwa. Ya pili ni ya kimaabara zaidi: antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi, kijiti kinaweza kuzidiwa na kuonyesha mstari dhaifu au kukosa kabisa, halafu mgonjwa mgonjwa hasa ndiye anayerudishwa nyumbani. Daktari akikwambia dalili zote zipo na wewe unaona hasi, changanya upime tena kabla hujabishana naye.

Damu ilikuwa imesema yake. Iliyobaki ilikuwa maji ya uti wa mgongo, na hapo ndipo mama mdogo alipobadilika.

"Mwanangu hatobolewi mgongo," alisema. "Kwetu alitobolewa mtu, hakurudi."

Muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima wa Kigogo ambaye ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kigogo, alimvuta kiti. Hakumwambia kwamba anaamini uongo. Alimuuliza huyo aliyetobolewa alikuwa anaumwa nini, na alikuwa amefikaje hospitali. Alibebwa, hajitambui. "Basi dada yangu, sindano ilimkuta njiani anaondoka. Huyu wako bado anaongea." Kisha akamweleza kitu ambacho ndugu wengi hawaelezwi: kwa ugonjwa huu, kutoa maji yale ni kipimo na ni tiba kwa wakati mmoja. Presha ndani ya fuvu inapanda mno, ndiyo inayouma kichwa na kuondoa macho, na kuyapunguza maji kunashusha. Mama aliuliza kama atapooza. Aliambiwa sindano inaingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Akakubali, kwa sharti kwamba asimame mlangoni.

Maji yalitoka kwa kasi. Jioni ile kijana aliomba chai. Kwenye hadubini, tone la maji yale na tone la wino mweusi, zikaonekana duara nyeupe kwenye giza, kila moja na chembe katikati: lile ganda la sukari limesukuma wino pembeni. Nimeona mengi kwenye hadubini na hilo bado ni la kutisha kuliko mengi. Alianzishiwa amfoterisini ya mafuta, dozi moja kubwa, pamoja na flusitosini na flukonazoli, mpangilio ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) iliupitisha 2022 baada ya majaribio yaliyofanyika nchi tano za Afrika. Alitoka wodini akitembea. ARV zilisubiri wiki kadhaa, kwa sababu ukiziwahisha kwa mtu mwenye kriptokoka kwenye ubongo, kinga inayoamka ghafla inaweza kumuua.

Hilo ndilo la kijana aliyechelewa. Lakini thamani ya kipimo hiki iko kwa asiyechelewa. Kuna utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa 2015, ukiongozwa kwa upande wetu na Sayoki Mfinanga wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Watu karibu 2,000 wenye VVU na CD4 chini ya 200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipimwa antijeni ya kriptokoka kwenye damu, waliokutwa nayo wakapewa flukonazoli mapema, na wahudumu wa jamii wakawatembelea wagonjwa nyumbani wiki za mwanzo za ARV. Vifo kwenye kundi la pili vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Sehemu ya ushahidi ambao dunia inautumia ilitoka kwenye kliniki zetu wenyewe, na nadhani tunausema kwa sauti ndogo mno.

Ukishakuwa na kipimo kizuri hivyo unatamani fangasi zote ziwe hivyo. Haziko hivyo.

Chukua kandida ile ile ya tumboni, ikivuka ukuta ikaingia kwenye mshipa. Njia kuu ya kuikamata bado ni kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa yenye chakula cha vimelea na kusubiri kama kitaota kitu. Hapa maelezo madogo ndiyo yanayookoa au kuharibu: ngozi isafishwe na iachwe ikauke, damu itoke kwenye mshipa mpya badala ya mpira uliokaa wiki nzima, na iwe nyingi, mililita nane hadi kumi kwa kila chupa ya mtu mzima. Naletewa chupa zenye mililita mbili. Kandida kwenye damu huwa chache sana, pengine hata chembe moja haipatikani kwenye mililita nzima, na ini na wengu vinaendelea kuzichuja. Hata ukifanya yote sawa, kuotesha hukosa karibu nusu ya walio na kandida ya ndani. Na ikiota, inachukua siku moja, mbili, tatu, wakati mgonjwa mahututi anahesabu saa.

Ikiota napenda hatua inayofuata, pengine kwa sababu ni ya bei rahisi. Unachukua kidogo kwenye seramu, unaweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa mbili hadi tatu, unaangalia. Kandida albikansi hutoa kamrija kadogo ubavuni. Isipotoa, ni ndugu zake, na baadhi ya ndugu hao hawasikii flukonazoli. Mmoja wao, kandida auris, alielezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 kutoka sikioni mwa mgonjwa, na leo yuko kwenye kundi la juu kabisa la orodha ya fangasi hatari ambayo WHO ilitoa Oktoba 2022. Huyo hata mashine za kutambua vimelea zimewahi kumpa jina la mwingine.

Kwa nchi zenye uwezo kuna kipimo cha beta-glukani. Kuta za fangasi nyingi zimejengwa kwa sukari hiyo, ikionekana kwenye damu kuna fangasi mahali fulani. Kinachonifurahisha ni jinsi kinavyofanya kazi: kinatumia dondoo la damu ya mnyama wa baharini mwenye damu ya buluu, limulasi, ambaye damu yake huganda inapogusana na ukuta wa fangasi. Damu inapimwa kwa damu. Lakini kina vituko vyake. Kriptokoka hakiioni vizuri. Ile fangasi nyeusi iliyotisha India mwaka 2021 wakati wa korona, mukori, hakiioni kabisa. Halafu kinaweza kusema ndiyo pasipo na fangasi: mgonjwa amesafishwa figo kwa baadhi ya vichujio, amepewa albumini (protini ya damu), amefungwa gozi nyingi kwenye kidonda baada ya upasuaji. Gozi tu! Kwa hiyo nguvu yake kubwa ni kwenye jibu la hapana: ikiwa hasi kwa mgonjwa mahututi, daktari anapata ujasiri wa kusimamisha dawa ya gharama.

Kwa aspajila, fangasi inayoshambulia mapafu, kuna galaktomanani, antijeni nyingine ya ukuta. Inafaa zaidi kwa mgonjwa wa saratani ya damu ambaye chembe nyeupe zimeisha. Kwa wengine damu hunyamaza hata kama mapafu yanaliwa. Na usitegemee kuotesha damu kumwona aspajila. Akiota kwenye chupa, mara nyingi ni vumbi la hewani limeingia, na Dodoma ya mwezi wa kumi vumbi hatulikosi.

Wakati nipo kwenye aspajila, niseme la pembeni. Ukoo wake ndio unaotupa sumukuvu, na hilo neno kila mtu Dodoma analijua kwa uchungu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 20 kati ya 68 walioripotiwa kuugua hapa Dodoma na jirani zetu Manyara. Tangu hapo nakutana na watu wanaochanganya mambo mawili: wanadhani waliokula mahindi yale "wana fangasi kwenye damu". Walichokula ni sumu iliyotengenezwa na fangasi ghalani. Inaumiza ini, inajishikiza kwenye albumini ya damu na inaweza kupimwa hapo, lakini hakuna kitu kinachozaliana mwilini na dawa ya fangasi haisaidii chochote. Tiba yake inaanzia kwenye kukausha mahindi na kutupa yaliyooza. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayepulizia dawa ya kuvu shambani yuko kwenye hadithi nyingine ya tatu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo ni za ukoo mmoja na dawa tunazompa mgonjwa wa aspajila, na aspajila sugu imeshakutwa kwenye udongo wa Tanzania. Hiyo ina makala yake.

Kuna mahali pamoja ambapo kingamwili, zile zile nilizozikebehi juu, zinastahili heshima. Mtu alitibiwa kifua kikuu, akapona, mapafu yakabaki na pango. Miaka inapita, anakohoa tena, anapungua, anatema damu. Makohozi yanapimwa, hakuna kifua kikuu. Anarudishwa kwenye dawa za kifua kikuu hivyo hivyo, maana picha ni mbaya. Katika pango lile aspajila inaweza kuwa imejenga. Hapo kingamwili za aspajila kwenye damu ndiyo nguzo ya utambuzi, kwa sababu swali limebadilika: mgonjwa ana pango, ana dalili za miezi, na mwili wake unapiga kelele dhidi ya fangasi moja. Kanda ya kati ina wachimbaji wadogo na ina kifua kikuu cha kutosha. Mganga ukiona mtu wa namna hiyo anaanza dozi ya tatu bila makohozi kuthibitisha, andika swali la aspajila kwenye fomu, hata kama sampuli italazimika kusafiri.

Nikiulizwa tufanye nini cha kwanza kwa hela kidogo, sitaomba mashine ya beta-glukani. Nitaomba jambo la utaratibu. Siku hizi, tangu kila mwenye VVU aanzishiwe ARV bila kusubiri CD4 ishuke, CD4 inapimwa kwa wachache zaidi kuliko zamani. Lakini inapopimwa, damu huja kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, na ikishapimwa sehemu kubwa inabaki. CD4 ikiwa chini ya 200, maabara ichukue mabaki hayo hayo na ichovye kijiti papo hapo, bila kusubiri daktari aandike fomu nyingine, bila mgonjwa kurudi kwa nauli nyingine kutoka Chemba au Mpwapwa. Afrika Kusini maabara zao za taifa zinafanya hivyo tangu 2016, wao walianza na walio chini ya 100.

Nimelijadili na wenzangu. Pingamizi la kwanza ni vijiti kuisha stoo, nalo ni la kweli, lakini vijiti vinaisha pia kwa kupimwa watu wasiostahili. Pingamizi la pili ni zito zaidi, na alilitoa dada wa CTC ambaye hunibishia kwa raha: "Sawa, wewe umeona mstari saa tisa alasiri, mgonjwa ameshapanda gari. Nani anampigia?" Maana jibu chanya linalolala kwenye rejesta hadi kliniki ya mwezi ujao halina tofauti na kutokupima. Tulipofungua rejesta kuangalia, wagonjwa wengi walikuwa na namba ya simu iliyoandikwa siku ya kuandikishwa, na nyingi kati ya tulizojaribu hazipatikani tena. Kwa sasa tumekubaliana kwamba anayetoa damu ya CD4 aulizwe namba upya, yake na ya ndugu mmoja anayemwamini, kabla sindano haijaingia. Nani atapiga bado hatujakubaliana. Yeye anasema maabara, mimi nasema CTC, kwa sababu kumwambia mtu aliye kwenye basi kwamba arudi kuna maneno yake, na hayo anayajua mshauri nasaha kuliko mimi.